Tini, komamanga, pitaya au jabotikaba: uanze na upi?

Ua la kwanza la pitaya yangu (wengine huiita tunda la joka) sikuliona likiwa wazi. Jioni nililikuta bado limefumba, limevimba, refu kupita kiganja changu, nikajiambia kesho asubuhi nitaliangalia kwa nafasi. Asubuhi nikakuta kitu kimelegea, kinaning'inia kama kitambaa kilicholoa. Baada ya siku chache kikonyo kikageuka manjano, likaanguka. Miezi kumi na minane ya kufunga shina kwenye nguzo, na tunda limenipita kwa sababu nililala mapema.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza apande mmea gani wa matunda yasiyo ya kila siku, siendi moja kwa moja kwenye utamu. Namuuliza yeye mwenyewe yukoje. Analala saa ngapi? Ana tabia ya kumwagilia kidogo kidogo, au ni mtu wa kusahau wiki nzima kisha anamwaga ndoo tatu kwa mpigo? Atakaa hapo alipo kwa miaka kumi, au mwakani anahama? Mimea hii minne nimeilea yote, na yote huvumilia kuishi kwenye eneo dogo au hata kwenye pipa. Lakini kila mmoja unamdai mwenyewe kitu tofauti, na deni hilo ndilo linaloamua kama utakula matunda au utabaki na majani.

Nani atachavusha?

Hili ndilo swali ambalo watu hawaulizi wanaponunua miche, kisha baada ya miaka mitatu wanalalamika kwamba mti wao "umekataa kuzaa".

Mtini ndio usiokusumbua kabisa. Tini si tunda kwa maana tuliyoizoea. Ni kifuko ambacho maua yake yamejificha ndani, yamegeuziana nyuso gizani, na zile nyuzi laini unazoziona ukilipasua ndizo mabaki ya maua yenyewe. Ndiyo maana hujawahi kuona mtini umechanua. Mitini mingi inayopandwa majumbani ni ya kundi ambalo huivisha matunda bila chavua yoyote. Ila lipo kundi jingine, la Smyrna, ambalo bila nyigu mdogo anayeitwa Blastophaga psenes kujipenyeza ndani ya kifuko, matunda hupukutika yakiwa mabichi. Wakulima wa California waliionja shubiri hiyo. Miaka ya 1880 waliletewa mitini ya Smyrna, ikanawiri, lakini tini zikawa zinaanguka mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka 1899 nyigu huyo alipofanikiwa kuhamia huko. Kwa hiyo muulize muuzaji aina. Akibabaika, achana naye, tafuta kipande cha tawi kutoka kwenye mtini ulioushuhudia kwa macho yako ukizaa katika mazingira kama ya kwako.

Mkomamanga unajitosheleza. Mti mmoja unazaa, nyuki wakipita ni nyongeza nzuri. Kinachowatisha wageni ni maua kuanguka kwa wingi. Chukua ua lililoanguka ulitazame kitako chake: kama ni jembamba, lina umbo la kengele, hilo ni dume na kazi yake imekwisha. Yale yenye kitako kinene kama chungu kidogo ndiyo yanayobeba tunda. Ukiona ya kwanza yanadondoka na ya pili yamebaki, hakuna ugonjwa hapo.

Jabotikaba, mti wa Brazil wenye matunda madogo meusi kama zabibu, nayo haina shida ya mwenza. Maua yake meupe, yenye manyoya mafupi, yanatokea juu ya gome la shina na matawi manene, si kwenye ncha za matawi. Mara ya kwanza utadhani mti umeshambuliwa na ukungu.

Basi tuje kwa pitaya. Ni jamii ya dungusi kakati, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na huko kwao wanaoitembelea usiku ni popo na nondo wakubwa. Ua hufunguka giza likishaingia, hufikia hata sentimita 30, na jua likishapanda limekwisha. Halipewi usiku wa pili. Kama hapo ulipo hakuna popo wala nondo wanaolijua, popo ni wewe. Chukua tochi na brashi laini, kung'uta chavua ya manjano kwenye kikombe kikavu, kisha ipake kwenye ile ncha yenye vidole vingi inayochomoza katikati ya ua. Ni kazi ya dakika mbili. Asubuhi na mapema, kabla ua halijasinyaa, bado unaweza kuwahi.

Halafu kuna mtego. Pitaya nyingi za nyama nyekundu hazikubali chavua yake zenyewe, zinataka ya aina nyingine. Mtu anasikia hivyo, anakata kipande kutoka kwenye mmea wake uleule, anakipanda upande wa pili wa uwanja, anasema sasa zipo mbili. Hapana, hiyo ni moja iliyosimama sehemu mbili. Unahitaji aina mbili zenye mama tofauti, na zichanue usiku mmoja. Zisipochanua pamoja, chavua hukaa siku kadhaa kwenye friji ndani ya kichupa kikavu. Kama haya yote yanakuchosha kuyasoma tu, tafuta aina ambayo muuzaji anakuhakikishia kwamba inajichavusha. Nyingi za nyama nyeupe zinaweza, ingawa hata hizo zikisaidiwa kwa mkono hutoa tunda kubwa zaidi.

Utasubiri muda gani?

Kipande cha mtini chenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 20 hivi, ukikitia kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, hutoa mizizi ndani ya wiki chache. Mwaka wa pili si ajabu kuonja tini mbili tatu. Mkomamanga kwa njia hiyohiyo huchukua miaka miwili au mitatu. Pitaya iliyotokana na kipande kinene huchanua kati ya mwaka mmoja na mitatu, na hapo ndipo inapotia raha: tangu ua hadi tunda ni kama siku 30 hadi 50 tu. Komamanga likishashika linakuweka miezi mitano hadi saba.

Lakini kipande cha pitaya usikipande siku unayokikata. Kiache kivulini wiki nzima, kidonda kikauke kiwe kigumu. Ukikifukia kikiwa kibichi, kinaoza kuanzia chini, na hutajua hadi siku utakapokivuta kikaja mkononi bila mizizi.

Jabotikaba ni habari nyingine kabisa. Ile ya kawaida kutoka Brazil, ikianzia kwenye mbegu, inaweza kukumaliza miaka minane na bado ikaendelea kukuangalia. Kuna chotara yenye matunda mekundu inayowahi, miaka mitatu hadi mitano. Mimi niliuziwa mche nikaambiwa umebebeshwa, yaani umeungwa na kikonyo cha mti unaozaa tayari, "mwakani unakula". Sikuwa najua kukagua. Mche uliobebeshwa una kovu, mahali ambapo gome linabadilika rangi au shina linapinda kidogo juu ya udongo. Wangu ulikuwa laini kuanzia chini hadi juu kama fimbo ya kuchapia. Mwaka wa sita sasa, na ni mti mzuri sana wa kivuli cha paka.

Hata hivyo, mbegu ya jabotikaba haina udanganyifu. Kwa kawaida inazaa mti unaofanana na mama yake, na mara nyingi mbegu moja huchipua miche zaidi ya mmoja. Kosa lake ni muda peke yake. Mtini na mkomamanga wa mbegu ni bahati nasibu: mtini wa mbegu unaweza kutoka dume ambalo tini zake hazifai kuliwa, na mbegu ya komamanga tamu inaweza kukupa chachu ya kukunja uso. Kwa hiyo hiyo miwili, ichukue kwa kipande, si kwa mbegu.

Maji, na udongo unaoyabeba

Hapa ndipo mimea hii inapoachana njia, na hapa ndipo mimi nimeua mingi.

Mkomamanga unasifiwa kwa kuvumilia ukame, na kweli unavumilia, hata chumvi kidogo ya udongoni unaistahimili. Watu wakisikia sifa hiyo wanausahau kabisa. Mti haufi, ila matunda yanapasuka. Ganda la komamanga likiishi kwa kiu linakakamaa, halitanuki tena. Kisha mvua inakuja, au mwenyewe unakumbuka na mpira wa maji, punje za ndani zinavimba kwa siku mbili, na ganda linachanika kutoka kwenye taji hadi kitakoni. Nilikuwa na makomamanga kumi na moja yakikaribia kuiva, nikasafiri, nikarudi nikayamwagilia kwa huruma yote niliyokuwa nayo. Saba yalipasuka wiki hiyo, sisimizi na nyigu wakala kabla yangu. Dawa yake haihitaji maji mengi, inahitaji maji yasiyoyumba: kiasi kilekile, siku zilezile, na matandazo mazito juu ya udongo ili unyevu usipande na kushuka.

Pitaya inafanana na dungusi kakati wa jangwani kwa sura na inatofautiana nao kwa tabia. Kwao ni mmea wa kupanda juu ya miti msituni, mizizi yake ni ya juujuu, na inapenda mboji na unyevu wa wastani. Isichokubali ni maji kutuama. Panda kwenye tuta, si kwenye shimo. Na jua kali la mchana kutwa huunguza mashina yake, yakageuka manjano kama yamepikwa. Kivuli chepesi cha mchana kinalitibu hilo.

Mtini kwenye pipa hulegeza majani saa za jua kali, na ukiumwagilia unasimama tena baada ya saa moja, kama mtoto aliyekuwa anajifanya mgonjwa. Shida yake kubwa iko chini: kwenye udongo wa kichanga, minyoo fundo huvamia mizizi, ikajaa vinundu, na mti ukadumaa bila sababu unayoiona juu. Kwa hali hiyo pipa lenye udongo mpya ni bora kuliko ardhi. Kwenye hewa yenye unyevu mwingi, majani hushikwa na kutu, madoa ya kahawia upande wa chini, na tini zinazoiva wakati wa mvua hupasuka na kuchachuka hapohapo mtini. Kama mvua yako inaangukia msimu wa kuiva, fikiria mara mbili.

Jabotikaba ndiyo mlevi wa maji kati ya yote. Udongo ukikauka hata siku chache, ncha za matawi zinakauka nazo. Inataka pia udongo wenye tindikali kidogo, pH ya 5.5 hadi 6.5 hivi. Kama maji ya bomba lako huacha ukoko mweupe kwenye birika, maji hayo yana chokaa, na baada ya miezi utaona majani machanga yamekuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Chuma kimo udongoni, ila kimefungwa, mizizi haiwezi kukichukua. Kuongeza mbolea hakusaidii. Kinachosaidia ni maji ya mvua, na mboji ya majani makavu kila msimu.

Mbolea sitaieleza sana. Mboji au samadi iliyooza vizuri mara mbili kwa mwaka inawatosha wote wanne. Ukizidisha naitrojeni kwa mtini, unavuna majani makubwa kama sahani, basi.

Baridi

Mtini na mkomamanga hupukutisha majani kwenye majira ya baridi na huvumilia barafu ya kiasi. Usiung'oe mtini kwa kuona umebaki vijiti. Kwangua gome kwa ukucha: pakiwa kijani, umelala tu. Jabotikaba iliyokomaa hustahimili barafu ndogo ya usiku mmoja. Pitaya haitaki mzaha na sifuri. Mahali penye baridi hiyo ipandwe kwenye chombo kinachoingia ndani.

Nafasi na mkasi

Mizizi ya mtini inatafuta maji kwa ukaidi, hivyo usiuweke karibu na mabomba wala msingi wa nyumba. Pipa la lita 40 au zaidi linautuliza, tena mizizi iliyobanwa kidogo huusukuma kuzaa. Pogoa bila woga wakati umelala, kwa kuwa zao kuu hutokea kwenye matawi ya mwaka huohuo. Ukikata yote, utakachopoteza ni zile tini chache za mapema zinazotokea kwenye matawi ya mwaka uliopita.

Mkomamanga huelekea kuwa kichaka chenye miiba. Maotea yanachomoza kwenye shina kila kukicha. Acha mashina matatu hadi matano, mengine kata. Ipo aina fupi iitwayo Nana, isiyozidi mita moja hivi, inayokaa kwenye chungu cha maua na kuchanua mfululizo, lakini matunda yake ni madogo na ni ya kupendeza macho kuliko kushibisha.

Pitaya inahitaji nguzo, na hapa watu hujidanganya kwa mti mwembamba. Mmea uliokomaa, umejaa maji na matunda, ni mzito kuliko mtu mzima. Weka nguzo ya zege au ya mti mgumu, urefu wa mita moja na nusu juu ya ardhi, na juu yake fremu au tairi kuukuu. Acha shina moja tu lipande. Likifika juu, likate ncha, litoe matawi yaangukie pande zote kama mwavuli. Maua hutoka kwenye matawi yanayoning'inia.

Jabotikaba haina haja ya mkasi. Punguza vijitawi vya ndani ili uone shina, kwa sababu raha yote iko huko.

Siku ya kuvuna

Tini haliongezeki utamu likishachumwa. Subiri shingo yake ilegee, tunda liiname, ngozi ianze kuchanika mistari midogo. Siku hiyo ndiyo siku yenyewe, na ndege nao wanaijua. Funika kwa wavu au mfuko wa kitambaa wiki moja kabla. Vaa mikono mirefu unapochuma au kupogoa, maana utomvu mweupe wa mtini ukigusa ngozi kisha ukapigwa na jua, huacha malengelenge ya kuungua. Nilipata alama mkononi iliyokaa miezi mitatu kwa kudharau hilo.

Pitaya nayo haiivi ikishakatwa. Ganda likigeuka rangi yote, hesabu siku nne au tano zaidi, ukate kwa mkasi bila kuvuta. Ukisikia watu wanasema pitaya haina ladha, wengi wao wamekula iliyokatwa mapema ili isafiri. Na ile ya manjano yenye miiba, ambayo hukaa miezi kadhaa kabla ya kuiva, kwa ulimi wangu ndiyo tamu kuliko zote.

Komamanga linakupa muda. Likiiva, mviringo wake unaanza kuwa na pembe, kana kwamba punje zinalisukuma kwa ndani, na ukiligonga kwa kidole linatoa mlio kama wa bati. Mahali pa baridi na pakavu linakaa wiki nyingi. Kwa mtu anayesafiri safiri, hiyo pekee inatosha kulichagua.

Jabotikaba, tunda dogo jeusi kama zabibu, huanza kuchachuka siku tatu au nne baada ya kuchumwa. Ndiyo sababu huioni sokoni mbali na inakolimwa. Njia ya kuila ni kuwa na mti, au kuwa na rafiki mwenye mti.

Sasa wewe

Unahama-hama, au hujawahi kulea mti wa matunda: mtini kwenye pipa. Unasamehewa makosa mengi na unahama na pipa lako. Hewa yako ni ya unyevunyevu na mvua haziishi: mtini uuache, chukua pitaya, mradi ukubali kuamka. Kwako ni jua, ukavu, udongo mgumu na maji ya chumvichumvi: mkomamanga, tena usibishane. Lakini kama wewe ni wa kusahau wiki nzima kisha kuzidisha, funga kwanza mfumo wa matone ya maji unaojiendesha wenyewe, ndipo upande.

Na jabotikaba? Kwa mwenye makazi ya kudumu, mimi ningeipanda kabla ya yote mitatu. Weka karibu na mahali maji ya mvua yanapokusanyika, kisha endelea na mtini na pitaya ambazo zitakulisha wakati unangoja. Ukibahatika kupewa matunda yake mabichi, mbegu zisilale mezani. Zikikauka zimekufa. Fyonza tunda, suuza mbegu, ifukie siku hiyohiyo kwa kina cha ukucha.